Mbuzi wa Washindi

Watu wakisikia kwamba nilicheza mpira miaka minane na nikafundisha miaka sita, huniuliza kuhusu mabao. Wanataka niwasimulie lile la mbali, lile la kichwa, lile la dakika ya mwisho. Mimi ninachokumbuka ni matumbo. Matumbo ya mbuzi yaliyomwagwa kwenye karai yakiwa bado moto, yamejaa majani ambayo mnyama hakupata nafasi ya kuyasaga, na mikono yangu imezama humo hadi kwenye viwiko huku soksi za mpira zikiwa bado miguuni. Harufu ile haitoki kwa sabuni ya siku moja. Mimi imenikaa miaka.

Jina langu ni Mukonyo Kyule. Baba alitutoa Machakos akatuleta Kitengela alipopata kazi ya kupakia saruji upande wa Athi River, wakati Kitengela ilikuwa bado maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na pundamilia walikula nyasi mahali ambapo siku hizi pamejengwa benki. Timu ya wanawake ilianza mwaka wa 1992. Tulikuwa wauza mboga, washonaji wa viwandani, na wawili watatu waliomaliza shule wakakosa la kufanya. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikivaa jezi namba kumi, na nilikuwa hodari. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema ili ujue ni kitu gani kilichoharibiwa.

Timu ilikuwa na mwenyekiti, Mzee Kiama, mwenye baa, bucha, na ploti ambazo hakuna aliyejua idadi yake. Alitununulia jezi, akaandika jina la bucha yake mgongoni, tukawa tunakimbia uwanjani tukitangaza nyama. Kila Kenyatta Day, sikukuu ya Oktoba, aliandaa mashindano Kajiado mjini, kwenye uwanja ulio jirani na soko la mifugo. Asubuhi ilichezwa fainali ya wanawake, alasiri ya wanaume. Zawadi zilitangazwa kwa kipaza sauti kabla ya mchezo wa kwanza, watu wote wakisikia. Wanaume walishindania kombe, jezi mpya na mipira miwili. Wanawake walishindania mbuzi.

Alikuwa mbuzi wa kweli, mnono, amefungwa kamba kwenye mlingoti wa goli hadi mechi iishe. Lakini mbuzi yule hakubebwa nyumbani. Desturi ilikuwa kwamba anachinjwa pale pale nyuma ya ukumbi wa mji, na timu iliyoshinda ndiyo inayompika, pamoja na wali na chapati za kutosha wageni, wazee wa kamati na timu mbili za wanaume. Mbavu na mapaja vilikwenda meza kuu. Sisi tulibakiwa na kichwa, kwato na supu ya mwisho, ile iliyoongezwa maji mara tatu. Timu ya wanawake iliyoshindwa haikuwa na kazi yoyote. Walipanda lori lao wakarudi kwao Kiserian au Namanga, wakaoga, wakanyoosha miguu. Washindi waliwasha moto.

Hakuna aliyeona ajabu, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu hadi leo. Mwaka wa kwanza nilifunga mabao mawili, kisha nikapiga magoti mbele ya karai. Mzee Kiama akapita na wageni wake, akatuonyesha kwao jinsi mtu anavyoonyesha ng'ombe wake wa maziwa.

"Mnaona wasichana wangu? Mpira wanajua, na jikoni wanajua. Huyu ukioa hujutii."

Wageni wakacheka. Mimi nami nikacheka, tena kwa sauti, nikainamisha kichwa kwa haya, moyo umevimba kwa sifa. Mama yangu alikuwa amenilea nikijua kwamba mgeni akiondoka na njaa, aibu si ya nyumba bali ni ya mwanamke wa nyumba hiyo. Kwa hiyo niliona supu yetu kuwa bao la tatu. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Tulishinda mara tano. Wacuka, kipa wetu, ambaye alikuwa na mdomo mchafu na akili timamu, alisema mwaka mmoja tukiwa tunafunga viatu, "Aki si leo tufungwe tu, tukapumzike kama watu." Tukamcheka. Tukashinda mabao manne kwa sifuri, tukapika. Wacuka alisukuma chapati sitini huku glovu zake za ukipa zimechomekwa kiunoni, na hakurudi msimu uliofuata.

Mwaka wa 1999 beki mmoja alinikata goti la kulia dakika ya sabini. Nilisikia kitu kikiachia ndani, lakini nilimaliza mechi, tukashinda. Kisha nikasimama juu ya goti hilo saa tatu nzima nikichota wali. Hakuna aliyenilazimisha. Kila mtu aliniuliza kama chumvi imetosha, nikajibu kwamba imetosha. Daktari wa Machakos aliyeniona wiki iliyofuata alibonyeza uvimbe akaniuliza nilifanya nini baada ya kuumia. Nilipomweleza akasema goti lingepona kama ningelala siku ile. Beki alilivunja nusu, nusu nyingine nikaimaliza mwenyewe jikoni. Sikucheza tena.

Mzee Kiama alikuja kunijulia hali na kilo mbili za nyama. "Usilie, Mukonyo," akasema. "Kazi iko. Sasa utakuwa matron."

Kama hujui matron ni nani katika timu ya wanawake, nitakueleza. Ni mwanamke anayebeba maji, machungwa na pamba, anayejua mchezaji gani ana maumivu ya mwezi, na anayekaa mwisho wa benchi. Kocha kwenye karatasi alikuwa Bedan, shemeji ya Kiama, mwuza mbao, ambaye alikuja siku za mechi tu akiwa na miwani nyeusi na filimbi shingoni. Hakujua tofauti ya kuotea na kuchelewa. Katikati ya wiki, katika udongo mweusi wa Kitengela unaoshika viatu mvua ikinyesha, mimi ndiye niliyewakimbiza wasichana, nikichechemea, nikipanga vijiti badala ya koni. Mimi ndiye niliyechagua kumi na moja. Jumamosi nilimwandikia Bedan majina kwenye kikaratasi, naye akayasoma kwa sauti nzito kana kwamba yametoka kwenye kichwa chake.

Mwaka wa 2003 nilichukua likizo yangu ya kiwandani, ambako nilishona suruali za kwenda ng'ambo, nikaenda Nairobi kusomea ukocha wiki mbili. Tulikuwa wanawake wawili kati ya watu thelathini. Somo la siku ya kwanza lilikuwa majeraha. Mchezaji akiumia kifundo au goti, mtoe, mlaze, inua mguu, weka barafu au maji baridi, asiukanyagie mguu huo. Nililiandika somo hilo kwa wino mwekundu, na nililijua kuliko mwalimu mwenyewe. Nikapata cheti. Nilipomwonyesha Mzee Kiama alikishika kwa vidole vyenye mafuta, akasema, "Sasa matron wetu amesoma."

Wasichana, hata hivyo, waliniita coach. Walianza wenyewe, bila kuambiwa. Wa kwanza alikuwa Nashipae, msichana wa miaka ishirini kutoka boma moja la Kimaasai nje kidogo ya Kitengela, aliyekuja mazoezini akitembea kilomita nane na viatu mkononi ili visiishe. Alikuwa mrefu, mkimya, kichwa amenyoa. Akiupata mpira upande wa kushoto, mabeki walianza kuombana msamaha kabla hajafika. Nimecheza na nimefundisha, na sijaona mguu mwingine wa namna ile. Niseme ukweli, nilimpenda kama mtu anavyopenda sehemu ya mwili wake aliyopoteza.

Kisha ukaja mwaka wa 2005, mwaka wenyewe. Tulisikia kwamba kamati ya michezo ya mkoa, kutoka Nakuru, inatafuta kocha wa timu mpya ya wanawake ya mkoa mzima. Kocha wa kuajiriwa, wa mshahara, mwenye jina. Wangetuma mtu Kajiado Kenyatta Day kuangalia fainali yetu, na ambaye angefikiriwa ni yule tu aliyeandikwa kocha kwenye fomu ya timu. Matron hangefikiriwa.

Nilitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliwaambia wasichana waziwazi uwanjani, wamekaa chini wakinywa maji. Niliwaambia pia jambo jingine, na hakuna aliyeniuliza. "Nikiandikwa kocha mwaka huu," nikasema, "hakuna mchezaji wangu atashika mwiko siku ya mechi. Mambo ya mbuzi kamati watajua wenyewe." Wakapiga makofi. Nashipae hakupiga makofi, alitabasamu tu, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Nikaenda bucha. Mzee Kiama alikuwa nyuma ya meza, anachokonoa meno.

"Mzee, nimekuja ile mambo ya fomu. Jina langu."

"Mukonyo, wewe ni mtu yangu. Jina nitaandika, hata Bedan nimemwambia." Akatema kijiti. "Lakini unajua wageni wanatoka Nakuru. Wakikula vibaya watasema nini juu ya Kajiado?"

"Mzee, wasichana watakuwa wamechoka. Wengine wataumia. Si tutafute wapishi?"

"Wapishi? Mbuzi ya washindi ipikwe na wapishi? Sasa hiyo si mbuzi ya washindi, hiyo ni hoteli." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mara hii tu. Ya mwisho. Nipikie wageni, na mimi nikuandikie jina. Mwaka ujao wewe ndio utaamua."

Nilijua kusema hapana, ni neno fupi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikajiambia, na nikatoka mle ndani nikiwa nimeshainama. Wasichana sikuwaambia. Nilijidanganya kwamba nangoja wakati mzuri.

Fainali ilikuwa dhidi ya Kiserian. Kulikuwa na upepo wa vumbi jeupe, na mavi ya mbuzi wa soko la juzi yalikuwa yametapakaa upande mmoja wa uwanja, kwa sababu watu wa kamati walifagia nusu ile tu ambayo wageni wangeketi mbele yake. Mbele yao, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti la kahawia na daftari. Niliambiwa anaitwa Madam Rahab, na kwamba yeye ndiye mtu wa Nakuru. Sikutegemea mwanamke. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikasema huyu atanielewa.

Tulikwenda mapumziko tumefungwa moja. Bedan alikuwa anaongea kwa simu. Niliwaita wasichana, nikamtoa Nashipae katikati nikamweka pembeni kushoto, kwa sababu nilikuwa nimeona beki wao wa kulia anageuka kwa tabu. Nikamrudisha kiungo mmoja nyuma kumfunika. Haikuchukua dakika kumi. Nashipae alimpita yule beki mara ya kwanza, akafunga. Akampita mara ya pili, akafunga. Nilitazama upande wa wageni, nikamwona Madam Rahab anaandika, tena ananitazama mimi, si Bedan. Nimewahi kuolewa na kuachwa, nimewahi kuzaa, lakini sijui kama nimewahi kutazamwa namna ile.

Dakika za mwisho beki yule, kwa hasira za kuaibishwa, alimkanyaga Nashipae kifundoni. Alianguka, akainuka, akamaliza mechi akirukaruka kwa mguu mmoja. Filimbi ikalia. Tulikuwa mabingwa, na mbuzi alikuwa tayari anafunguliwa kutoka kwenye mlingoti.

Wasichana walinizunguka wakiimba. Mzee Kiama alisimama mbali kidogo, akanipa ishara kwa kichwa, kuelekea nyuma ya ukumbi. Ishara ndogo sana, ya mtu anayemwita mhudumu wa baa.

"Jikoni," nikasema. "Haraka, wageni wana njaa."

Kuimba kukaisha. Nilitazama chini, nikaanza kutembea kwa kasi ili nisione nyuso zao, na nikasikia viatu vikinifuata. Walinifuata wote. Ningependa kusema walikataa, ingekuwa heshima kwangu na kwao. Walinifuata kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimewafundisha kunifuata.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mabati chenye mawe matatu ya moto na meza moja. Wanaume wawili walileta mbuzi akiwa vipande, wakaacha karai la matumbo mlangoni, wakaenda kunywa. Nikagawa kazi kama ninavyogawa namba uwanjani. Wewe mchele, wewe vitunguu, wewe sufuria ya supu. Matumbo nikachukua mwenyewe, maana nilijua hakuna atakayeyaosha vizuri kama mimi. Hata katika saa ile nilikuwa nalijivunia jambo hilo.

Nashipae alikuwa ameketi mlangoni, amevua kiatu. Kifundo kilikuwa kimevimba hadi ngozi inang'aa.

"Nashipae, chapati."

"Coach, ulisema mwaka huu hatupiki."

"Imebadilika."

"Mguu yangu imefura."

"Chapati husukumwa na mikono, si mguu."

Nilisema hivyo. Mimi, mwenye cheti, mwenye somo la wino mwekundu, mwenye goti lililokufa mahali pale pale. Maneno yalitoka laini, bila kunikwaruza koo.

Alikiweka kiatu chini. Hakuwa msichana wa maneno, kwa hiyo alipoongea kila mtu aliacha kukata. "Kwetu nyama ya wanaume, wanaume wanachoma wenyewe," akasema. "Moran hawezi kula nyama mwanamke ameona. Anaenda msituni na wenzake, anachinja, anachoma, anakula, hakuna mtu anaita dada yake. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kupikia moran mbuzi. Na wewe ndio unaniambia mpira itanitoa boma."

"Hapa si kwenu," nikamwambia. "Usiniaibishe mbele ya wageni."

Hapa si kwenu. Tukiwa Kajiado, katika nchi ya babu zake, mimi mtoto wa mpakia saruji kutoka Machakos, nikimpikia Mzee Kiama, mtu wa kutoka Kiambu aliyenunua ploti za wajomba zake. Kuna maneno mtu hukumbuka kwa sauti yake mwenyewe, akaichukia sauti hiyo. Yangu ni hayo.

Nashipae akainuka. Alishika ukuta, akafika mezani, akasimama kwa mguu mmoja, akaanza kusukuma chapati. Hakulia. Moshi ulimtoa machozi kama ulivyotutoa sote, akayafuta kwa bega la jezi. Mimi nikaendelea kugeuza matumbo, nikikwangua ute kwa kisu, nikijisemea moyoni kwamba ni saa moja tu, ni siku moja tu, kwamba nikishapata ile kazi nitamchukua Nakuru pamoja nami na haya yote tutayacheka. Hivyo ndivyo mtu anavyojilisha uchafu huku akijiambia ni nyama.

Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Niliinua kichwa, nikaona koti la kahawia kwenye mlango wa kibanda. Madam Rahab alikuwa na karatasi mkononi.

"Namtafuta Mukonyo Kyule," akasema.

Nikasimama. Mikono ilikuwa inachuruzika, nikaificha nyuma. "Ni mimi, Madam."

"Nimekungoja uwanjani zaidi ya saa nzima. Nikauliza kocha yuko wapi, wanacheka, wanasema ako busy." Akanionyesha karatasi. Ilikuwa fomu ya timu. Nililiona jina langu, kwa mwandiko mbaya wa Mzee Kiama, kwenye mstari wa kocha. Aliandika. Yule mzee, pamoja na ushenzi wake wote, alitimiza neno lake, na alikuwa amelitimiza asubuhi, kabla mbuzi hajachinjwa. Fomu hukabidhiwa kabla ya mechi, kwa hiyo jina lilikuwa pale tangu saa mbili. Hata ningewaambia wasichana wapande lori twende zetu, lisingefutika.

Madam Rahab alipita kando yangu. Alichukua ndoo iliyokuwa pembeni, akaipindua, akamkalisha Nashipae juu yake. Akachuchumaa na koti lake zuri kwenye majivu, akagusa kifundo kwa vidole viwili. Nashipae akakunja uso.

"Hii imekanyagwa lini?"

"Mechini," Nashipae akasema.

"Na tangu mechi umesimama?"

Nashipae aliinama. Alitazama unga mikononi mwake. Hakunishtaki, na afadhali angenishtaki.

Madam Rahab akainuka, akanigeukia. Hakuwa amekasirika, hilo ndilo lililonimaliza. Aliongea taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Nilikuona ukimhamisha huyu pembeni. Nimezunguka wilaya tano, sijaona kocha mwingine ameona kitu kama hiyo kwa dakika arobaini na tano. Nikaandika hapa, huyu ndiye. Halafu nikafika kwa huu mlango, nikakusikia." Akaitazama ile fomu. "Mimi pia nilicheza, dada. Mbuzi hizi nazijua. Sasa nikuulize swali moja tu. Nikikupatia wasichana ishirini wa mkoa, na mkubwa fulani huko atake chakula, utamwambia nini?"

Nilikuwa na jibu. Naapa nilikuwa nalo, nililijua miaka sita, nimelisema kitandani, nimelisema njiani nikitoka kiwandani. Nilifungua mdomo.

"Coach!" Sauti ya Mzee Kiama ilitoka ukumbini, imelegea kwa pombe, imejaa furaha. "Coach, supu iko wapi? Wazee wanangoja."

Hakuwahi kuniita hivyo. Miaka kumi na mitatu, hata siku moja. Na kabla sijafikiri lolote, kabla mdomo haujamaliza kufunguka, miguu yangu ilikuwa imeshageuka kuelekea sufuria. Hatua moja tu. Nilijizuia, lakini ilikuwa imeshapigwa, na kila mtu ndani ya kibanda kile alikuwa ameiona.

"Haya," Madam Rahab akasema kwa upole. "Nimejibiwa."

Akakunja ile fomu mara mbili, akaitia kwenye mkoba. Akamshika Nashipae mkono, akamwambia ana gari nje, wataenda hospitali kabla kifundo hakijaharibika zaidi. Nashipae akamwegemea. Alipopita karibu nami alisimama, nikadhani atanitukana, nikamngoja anitukane. Alivua jezi, akabaki na fulana yake ya ndani, akaiweka jezi mezani kando ya chapati, imekunjwa vizuri. Wakatoka.

Wasichana wengine walikuwa wananitazama. Ningeweza kumwaga sufuria ile motoni. Ningeweza kusema twende. Nimesimulia kisa hiki kwa watu wengine nikasema niliimwaga, na wakanipongeza, nikapokea pongezi.

Nilichukua bakuli, nikachota supu, nikaipeleka ukumbini. Mzee Kiama aliionja, akakunja uso, akasema haijakolea. Nikarudi jikoni, nikamletea chumvi.